Mkoba wa Almasi na Mnyororo: Kutambua Kasoro za Ushonaji na Kufikia Chanzo Chake

Wengi wanaojishonea mkoba kwa kufuata mtindo wa nyumba kubwa za mavazi huvutiwa na umbo moja: kitambaa kilichopigwa mistari inayokatana na kuacha almasi, kifuniko kinachoanguka mbele, na mkanda wa mnyororo. Umbo hilo lilitolewa na Coco Chanel mwezi Februari 1955, na ndiyo maana mkoba huo ukaitwa 2.55. Ukiutazama kwa mbali ni mstatili uliokunjwa, wenye mbavu mbili na kitako. Ukiushona ndipo unapobaini kwamba ndani ya mstatili huo mna kitambaa cha nje, sponji, kitambaa cha kukazia na bitana, yaani kitambaa cha ndani, na kwamba vipande viwili vya aina hiyo vikikutana penye mshono matabaka yanakuwa manane. Nimeshona mikoba kadhaa ya namna hii, mmojawapo ukaishia kuwa mfuko wa kuhifadhia pini na vitufe, na hukumu yangu ni kwamba karibu kasoro zote zinazojitokeza mwishoni zina mzazi mmoja, nao ni unene ambao haukuhesabiwa wakati wa kukata.

Kwa sababu hiyo, kasoro iliyo mbele ya macho yako mara nyingi haikuzaliwa pale unapoiona. Kifuniko kinachojikunja juu hakina kosa penye ncha yake, na uzi unaojisokota chini ya kitambaa hautokani na bobini, kile kigurudumu kinachobeba uzi wa chini. Kabla ya kufumua mshono wowote, hasa kwenye ngozi ya bandia ambayo matundu yake hayafutiki, chukua mabaki ya vitambaa vilevile, yapange kwa matabaka yaleyale, kisha urudie kosa hilo kwa makusudi. Likijitokeza tena kwenye mabaki, chanzo chake ni cherehani au mpangilio wa matabaka. Lisipojitokeza, chanzo kiko kwenye vipimo vya vipande vyako.

Kipande kimepungua na almasi zimepinda

Hii ndiyo kasoro inayowavunja moyo wengi, kwa kuwa huonekana mapema na kazi yote bado iko mbele. Dalili zake huja pamoja: kipande cha mbele kilichokatwa kwa paterni, ile karatasi ya kuongozea mkasi, sasa ni kidogo kuliko paterni yenyewe, almasi za katikati ni nzuri lakini za pembeni zimeegemea upande mmoja, na mistari inapokatana pana mikunjo midogo kama ya ngozi ya tunda lililokauka.

Kupungua si kosa la mkono wako. Kila mstari unaoshonwa juu ya sponji huivuta sponji chini na kuacha bonde, na kitambaa kinachoshuka bondeni na kupanda tena husafiri njia ndefu kuliko kinacholala tambarare. Kadiri sponji ilivyo nene na mistari ilivyo karibu, ndivyo kipande kinavyopungua zaidi. Kwa hiyo kukata kwa paterni kwanza na kupiga mistari baadaye ni kujitafutia hasara. Kata kipande kikubwa kwa sentimita 3 au 4 kila upande, piga mistari yote, kisha ulaze paterni juu yake na ukate umbo halisi. Kabla mkasi haujapita, shona mstari mmoja kuzunguka umbo zima, ndani ya akiba ya mshono, ule ukingo unaobaki nje ya mstari wa kuunganishia, ili ncha za nyuzi za almasi zisianze kufumuka mara tu zitakapokatwa.

Kuegemea kwa almasi ni jambo jingine. Meno ya cherehani husukuma tabaka la chini mbele, huku mguu wa cherehani ukilizuia tabaka la juu, na sponji iliyo katikati huyaacha matabaka hayo mawili yateleze kila moja kwa mwendo wake. Ukitaka kuhakikisha, kata vipande viwili vya kitambaa vyenye urefu sawa wa sentimita 30, weka sponji katikati, ushone kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuvivuta. Tabaka la juu likifika mwisho likiwa limezidi lile la chini kwa milimita kadhaa, basi mgandamizo wa mguu ni mkubwa mno, nawe unapaswa kuupunguza kama cherehani yako ina kirekebishi chake. Mguu wa kutembea, ule wenye meno yake ya juu yanayosaidiana na ya chini, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili. Asiye nao anaweza kupiga bandi kwa mkono, yaani mishono ya muda ya kushikiza, kwa mistari mirefu iliyoachana kwa sentimita 5 hivi, na mimi huona kwamba nusu saa ya bandi ina faida kuliko pini hamsini, kwa sababu pini hukishika kitambaa mahali pamoja na kukiachia kivimbe kati ya pini na pini.

Mwelekeo nao una uzito wake. Anza na mstari wa katikati, kisha uende ukitoka nje, na mistari yote ya upande mmoja ishonwe ikianzia ukingo uleule. Wapo wanaoshona mstari mmoja kwenda na wa pili kurudi ili kuokoa muda. Kila mstari huvuta kitambaa upande wake, na matokeo yake ni almasi zinazofanana na vigae vilivyotikiswa na tetemeko. Mikunjo ya penye makutano hutoka kwenye seti ya pili ya mistari, inapolazimika kuvuka ile ya kwanza ikiwa inasukuma kitambaa kilicholegea mbele yake. Ukiona kitambaa kinaanza kuvimba mbele ya mguu, simama, acha sindano ikiwa chini, nyanyua mguu ili kitambaa kipumue, uteremshe tena na kuendelea.

Almasi zisipokutana penye mshono wa ubavu, chunguza namna ulivyolaza paterni. Aliyeipima kutoka kwenye kingo za kitambaa ameipima kutoka mahali palipokwisha kusogea. Chora mstari wa katikati kwenye paterni, uulaze juu ya makutano ya almasi, na ufanye hivyo kwa kipande cha mbele, cha nyuma na kifuniko. Hata hivyo, kwenye mbavu nyembamba sioni haja ya kujitesa: ubavu usio na almasi, wa kitambaa kitupu chenye rangi ileile, hupunguza unene na kuondoa swali zima la kukutanisha.

Cherehani inaruka, inakata uzi au inasokota chini

Uzi ukijisokota na kufanya kichaka chini ya kitambaa, wengi hukimbilia kuchezea bobini. Kichaka cha chini karibu kila mara husababishwa na uzi wa juu ambao haukuingia sawasawa kati ya diski za mkazo, zile zinazoubana uzi, na hilo hutokea mtu anapopitisha uzi wakati mguu uko chini, kwa maana mguu ukiwa chini diski zimefungwa. Toa uzi wote, nyanyua mguu, uupitishe upya tangu mwanzo, kisha ushike ncha zote mbili za uzi kwa mishono mitatu ya kwanza.

Mshono unaoruka ni habari ya sindano. Sindano iliyotosha kushona shati, kwa mfano namba 80/12, hupinda kidogo inapopenya sponji na kitambaa kizito, na mpindo huo mdogo usioonekana kwa jicho unatosha kuifanya ngoe ya bobini iukose uzi. Panda hadi 90/14 au 100/16, na penye matabaka manane ya kitambaa kizito 110/18 si kuzidisha. Kwa ngozi halisi ipo sindano yenye ncha ya kukata, lakini sindano hiyo isitumike kwenye kitambaa kilichofumwa kwa sababu hukata nyuzi za kitambaa badala ya kupita katikati yake. Ikiwa ulitumia gundi ya kunyunyiza kushikiza sponji, pangusa sindano kwa spiriti mara kwa mara: gundi hujenga utando juu ya chuma, uzi ukakwama, na mishono ikaanza kuruka katikati ya mstari uliokuwa ukienda vizuri.

Uzi unaokatika kila baada ya inchi chache huashiria tundu la sindano lililo dogo kwa uzi huo. Jaribio lake ni jepesi: pitisha kipande cha uzi kwenye sindano ambayo haijafungwa kwenye cherehani, kaza ncha zote mbili kwa mshazari, na utazame kama sindano inateleza kushuka yenyewe. Ikikwama, tafuta sindano kubwa zaidi. Uzi wa poliesta huvumilia mkoba kuliko wa pamba, ambao huweza kuoza kwa unyevu na kulika kwa kusuguliwa na mnyororo.

Ngozi ya bandia inagoma kusogea

Uso wake huushika mguu wa chuma, mishono ikasongamana mahali pamoja, na tundu likagusana na tundu jirani mpaka kipande kikachanika kama stempu. Mguu wa teflon au wa magurudumu hutatua jambo hili. Usipokuwapo, weka ukanda wa karatasi laini juu ya mstari, ushone juu yake, kisha uichane karatasi taratibu. Urefu wa mshono uwe milimita 3.5 hadi 4. Tumia vibanio badala ya pini, na usirudishe mshono nyuma mwishoni. Vuta ncha za uzi ndani ufunge fundo kwa mkono.

Mguu unasimama mbele ya kilima cha mshono

Mshono wa kitako unapovuka mshono wa ubavu, mguu huinama kwa nyuma, ncha yake ya mbele ikatazama juu, na meno yakapoteza mshiko. Kunja kipande cha kadibodi au mabaki ya kitambaa hadi kifikie kimo cha kilima, ukiweke chini ya kisigino cha mguu ili mguu ulale tambarare, na uendelee kushona hadi sehemu ya mbele ishuke upande wa pili. Hiyo ni nafuu ya muda tu. Tiba ni kuondoa sponji ndani ya akiba za mshono kabla ya kuunganisha chochote, na kuzipunguza tabaka zilizobaki kwa ngazi, moja ikiwa ya milimita 10, inayofuata 7, inayofuata 4, ili kilima kiwe mteremko. Nyundo ya mpira, ikigonga juu ya kitambaa cha kukinga, husaidia pia. Ni mojawapo ya furaha chache za kazi hii.

Kifuniko kinajikunja juu

Mkoba umekwisha, umeufunga, na ncha ya kifuniko inainuka mbele kama jani lililokosa maji. Ukikifungua ukatazama upande wa ndani, utaona bitana imejikusanya mikunjo mahali kifuniko kinapopindia. Mtu hudhani kitambaa cha kukazia ni chepesi, akaongeza kingine, na kifuniko kikazidi kuinuka.

Chanzo ni hesabu. Kifuniko kinapotoka mgongoni, kikavuka juu na kuanguka mbele, kimegeuka nusu duara. Kitambaa cha nje kinazunguka kwa nje ya mzunguko huo na bitana inazunguka kwa ndani, hivyo cha nje kina safari ndefu zaidi. Tofauti ya safari hizo ni unene uliopo kati yao ukizidishwa kwa 3 na kidogo, liwe pindo kali au la mviringo. Ikiwa kati ya uso wa nje na bitana kuna milimita 4, kitambaa cha nje kinahitaji kuwa kirefu kuliko bitana kwa zaidi kidogo ya milimita 12. Vikikatwa sawa na kushonwa vikiwa vimelala mezani, cha nje kinakosa milimita hizo 12, nacho hujilipa kwa kuivuta ncha juu.

Kwa kifuniko ambacho hakijafungwa upande wa mgongoni, dawa ni hii. Shona kingo tatu za kifuniko, ukigeuze, kisha ukilaze juu ya kitu chenye unene kama wa mkoba uliojaa, kwa mfano vitabu viwili vilivyofungwa kwa kitambaa. Kipindishe jinsi kitakavyokaa siku zote. Bitana itachomoza nyuma ikiwa imezidi. Shikiza matabaka katika hali hiyo ya kupinda, kata kilichozidi, na ndipo ukishone mgongoni. Kwa kifuniko kilichokwisha kufungwa hakuna njia ya mkato: fumua mshono wa mgongoni na ufanye hivyohivyo, ukikubali kwamba kitapungua urefu kidogo.

Kosa la jamii hiyohiyo, ingawa dogo, ni bitana kuchungulia kwenye kingo za kifuniko. Ikatwe ikiwa na upungufu wa milimita 2 kwenye zile kingo tatu, ivutwe kidogo ilingane na cha nje wakati wa kushona, na mshono utajiviringisha wenyewe kuelekea ndani.

Malengelenge juu ya kitambaa

Kitambaa cha kukazia chenye gundi kimeachia mahali, au kimesinyaa baada ya kubandikwa. Pasi inapaswa kugandamizwa kwa sekunde 10 hadi 15 na kunyanyuliwa, si kuburuzwa, na kipande kiachwe kipoe kabisa kabla ya kusogezwa. Kipige pasi tena, kitambaa chenye unyevu kikiwa kati ya pasi na kipande. Malengelenge yakirudi, kitambaa chako cha nje kina utando unaokataa gundi, na itakubidi ushone kikazio kwenye kingo badala ya kukibandika.

Mkoba hausimami, au kitako kimetoka na upana mwingine

Mkoba unaolala kama gunia unaweza kuwa na mbavu ngumu kupita kiasi na kitako laini. Sehemu inayobeba ni kitako. Hapo panahitajika ubao mwembamba wa plastiki, uliokatwa mdogo kwa milimita 3 kila upande na kuviringishwa pembe zake ili zisitoboe. Mbavu zinahitaji kubaki laini kiasi cha kukunjika.

Upana wa kitako nao huleta maswali kwa wale wanaokata pembe za mraba chini ya kipande. Kwa kitako cha sentimita 10, mraba huwa wa sentimita 5, ukipimwa kutoka kwenye ukingo uliokatwa, mradi akiba ya mshono iwe sawa pande zote. Kitako kikitoka na sentimita 12, na akiba yako ni sentimita 1, basi uliupima mraba kutoka kwenye mstari wa mshono. Na ukifanya kosa hilo kwa kitambaa cha nje pekee, bitana haitalingana nacho, ukabaki kuilaumu bitana.

Bitana inajaa ndani

Bitana inayovimba na kumeza funguo inatii hesabu ileile ya kifuniko, isipokuwa safari hii duara ni kamili. Kwa unene wa milimita 4, mzunguko wa bitana unapaswa kuwa mfupi kwa takriban sentimita 2.5 kuliko mzunguko wa nje. Ukiwa na mishono minne ya wima, ingiza kila mshono wa bitana milimita 3 zaidi kwa kila kipande, na hesabu itatimia. Mdomoni, ambako sponji imeondolewa, rudisha mshono polepole kwenye kipimo cha kawaida ili bitana na kitambaa cha nje vikutane bila kuvutana. Kina chake nacho kipunguzwe milimita 5 hivi.

Tundu la kugeuzia mkoba liachwe kwenye kitako cha bitana, wala lisiwe dogo kwa ajili ya unadhifu. Sentimita 15 ni kiasi cha busara. Niliwahi kuacha 8 na kuupitisha mkoba mzima wenye sponji hapo. Mshono ulichanika, na almasi tatu zilipata mikunjo ambayo haikutoka hata kwa mvuke.

Kifungo hakikutani, mnyororo unang'oa vitundu

Kifungo cha sumaku kilichowekwa kwa vipimo vya paterni hukosa mwenzake kwa sababu paterni haina unene. Weka upande wa kifuniko kwanza, kabla bitana haijafungwa. Ujaze mkoba nguo, ukifunge kifuniko kinavyotaka kukaa chenyewe, na uweke alama mahali sumaku inapogusa. Kwa kuwa upande wa pili pia hutiwa kabla ya bitana kuzibwa, lile tundu la kugeuzia lisishonwe mpaka hapo. Nyuma ya kila nusu weka kipande cha ngozi au turubai kisichopungua sentimita 4 kila upande, la sivyo kifungo kitakivuta kitambaa hadi kichanike. Ukipendelea kufuli ya kuzungusha, nunua isiyo na nembo. Almasi na mnyororo ni mtindo, nawe uko huru kuvutiwa nao. Nembo ya nyumba ya mavazi ni alama ya biashara, na kuibandika kwenye mkoba wako ni kughushi.

Mnyororo una uzito kabla mkoba haujabeba chochote, na uzito wote huo huning'inia kwenye vitundu viwili au vinne vya chuma, zile pete zinazobanwa kwenye mashimo ya kitambaa. Kitundu kikilegea, tazama kwanza kama shimo lilikatwa pana kuliko shingo ya kitundu, jambo ambalo hutokea mtu anapotumia mkasi badala ya kitoboleo, kwani shimo pana halina kitambaa cha kushikwa. Tazama pili kama kulikuwa na sponji chini ya chuma. Sponji hubonyea baada ya siku chache, na chuma kilichokuwa kimebana kikaanza kucheza. Itoe sponji katika duara la sentimita 3 kuzunguka kila kitundu, weka mahali pake tabaka mbili za turubai au ngozi, tia kitundu kilicho kikubwa zaidi kwa namba moja ili kifunike shimo la zamani, kisha uujaze mkoba vitu vya kilo 2 na uutundike kwa mnyororo wake usiku kucha. Asubuhi zungusha kila kitundu kwa kidole. Kinachozunguka bado hakijashika, na kinahitaji kugongwa tena kabla ya tundu la bitana kushonwa.